Mji Unaobebwa kwa Kinena

Kabla jua halijachomoza, barabara inayoingia Lubumbashi kutoka porini ina sauti moja: mlio wa mnyororo wa baiskeli uliokauka grisi. Kisha wanatokea gizani, mmoja baada ya mwingine, wanaume wanaosukuma mkaa. Magunia yamepangwa juu ya kiti cha nyuma, yamefungwa kwa mpira na kamba, yamepanda hadi kumpita mwenyewe kimo. Hakuna anayepanda baiskeli ya namna hiyo. Anaisukuma kwa bega, mkono mmoja kwenye usukani, mwili umepinda, mguu wa nyuma umekaza. Barabara ikiinuka kidogo tu, pumzi hubanwa kifuani na tumbo huwa gumu kama ngoma.

Kwetu pwani makala ni maandishi kama haya unayosoma. Lubumbashi makala ni mkaa. Kijana mmoja niliyemwambia kwamba nimekuja kuandika makala aliniuliza nitayachomea pori gani. Nilimweleza, tukaelewana, lakini neno lile halikuniacha tena. Tangu siku hiyo nilikumbuka kwamba katika mji huu jina la kazi yangu ni jina la mzigo wa mtu mwingine.

Nilisimama kando ya barabara ile alfajiri tatu mfululizo, mwisho wa Septemba, na nakiri kwamba macho yangu yalikuwa yakitafuta mahali pamoja: pale tumbo linapokutana na paja. Nina kovu hapo, upande wa kulia. Ujanani nilibeba viroba sokoni Dar es Salaam. Siku moja nikaona uvimbe mdogo kwenye kinena, laini, unaotoka nikisimama na kurudi nikilala. Niliuficha miaka minne. Nilijifunza kutembea na mkono mfukoni ili niubonyeze ndani kila nilipokohoa, na watu wakadhani ni maringo. Ndiyo maana nikiwaona wanaume wa Lubumbashi wakisukuma, siwezi kuwatazama kama mgeni anayepiga picha. Najua ni mlango gani wa mwili unaosukumwa pamoja na baiskeli.

Nimekuja kuusifu mji huu. Nitausifu kwa kupitia mlango huo.

*

Niliingia kwa njia ya malori, ile inayotoka Dar hadi Tunduma, ikavuka Zambia na kufika mpakani Kasumbalesa, ambako misururu ya magari ya shaba huelekea upande mmoja na ya bidhaa upande mwingine. Kutoka hapo kuna kama kilomita 90 tu. Mpaka umechosha kila mtu, kwa hiyo mji unakupokea kama kivuli. Lubumbashi ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi hata ya Septemba huhitaji fulana nzito, na adhuhuri jua hukuvua. Ndio msimu wa mijakaranda. Barabara za katikati ya mji zimenyooka na ni pana, na maua ya zambarau huanguka juu ya vumbi jekundu, juu ya mabanda ya vocha, juu ya nywele za wanafunzi wanaotoka darasani. Wazee wa hapa huuonea fahari mpango wa mitaa yao, na wana haki. Ni mji ambao mtu anaweza kutembea kutoka stesheni hadi kanisa kuu la Petro na Paulo bila kupotea, akisalimiwa njia nzima.

Na husalimiwa kwa Kiswahili. Nilizoea kudhani lugha yetu ni ya bahari. Hapa niliikuta imepanda hadi kwenye migodi ikajenga nyumba. Wana namna yao: mtu hali ugali, anakula bukari, na kisamvu wanakiita sombe. Jambo wanalolifanya siku zote hulitia mkia mfupi, wakasema “tunakulaka”, “tunabebaka”. Kiswahili changu walikiita Kiswahili bora, kwa heshima, lakini mimi ndiye niliyekuwa najifunza.

Juu ya yote hayo zipo alama mbili ambazo hakuna anayeweza kuzikwepa: bomba la moshi la kiwanda cha shaba, lenye urefu wa mita 153, na kando yake kilima cheusi cha taka za tanuri. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu wala mto. Kimemwagwa, kibakuli kwa kibakuli, na kazi ya watu. Jioni jua likipita nyuma yake hubaki mstari mweusi ulionyooka, na watu wa hapa huuchora kwenye turubai, kwenye kuta, hata kwenye fedha ya Kongo bomba hilo limewahi kuonekana. Mji mwingine ungeona haya kwa jaa la namna hiyo. Lubumbashi imelifanya kuwa uso wake. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokipenda: mji usioficha mahali ulipotokea.

*

Ulitokea kwenye safari. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika, na mwaka huo huo Wabelgiji wakaanzisha mji kando ya kijito cha Lubumbashi, wakauita Élisabethville kwa jina la malkia wao. Jina la kijito lilirudi mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta mikono kila upande: watu wakaja kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kutoka Angola, baadaye kutoka Kasai na Lomami, na hata kutoka Rwanda na Burundi. Ukimwuliza leo mtu wa Lubumbashi kwao ni wapi, mara nyingi atakutajia kwanza mahali asipoishi, pengine asipowahi kufika. Babu alishuka kutoka huko. Mji ni wa walioshuka.

Nilipokuwa nasubiri kupasuliwa, miaka ile, daktari wangu alinichorea kinena nyuma ya karatasi ya vipimo, na mchoro wake niliukumbuka kwenye stesheni ya Lubumbashi, nikitazama reli zinavyoingia kutoka mbali.

Kutoka ncha ya mfupa wa nyonga, ile unayoihisi kwa kidole pembeni mwa tumbo, hadi mfupa wa kinena ulio katikati, imetandikwa kamba ngumu ya nyuzi, kama kamba ya tanga iliyovutwa. Juu kidogo ya kamba hiyo, ndani ya ukuta wa tumbo, kuna mfereji unaopita kwa mshazari, urefu wake kama sentimita 4 kwa mtu mzima. Una milango miwili, wa ndani na wa nje, na milango hiyo haitazamani. Hiyo ndiyo hekima yake: tumbo likisukuma, kuta za mfereji hubanana na njia hufungwa. Wanawake nao wanao, ila kwao ni mwembamba zaidi. Kwa mwanamume umepanuka kwa sababu kuna msafiri aliyepita.

Msafiri huyo ni korodani. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake hazianzii zilipo sasa. Huumbwa juu, nyuma ya tumbo, jirani na figo. Kisha hushuka polepole, zikiongozwa na kamba laini, na kama mwezi wa saba wa mimba hufika kwenye mfereji wa kinena, hupita, na kwa watoto wengi huwa zimetua kwenye mfuko wake kabla ya siku ya kuzaliwa. Mbele ya korodani hutangulia kipande cha utando wa tumbo kilichonyooka kama kifuko, kikifungua njia. Safari ikiisha, kifuko hicho hutakiwa kufunga mdomo.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: korodani ikishahama, haibadilishi inakokula. Mshipa unaoilisha hautoki pajani wala nyongani, majirani zake wa sasa. Hutoka kule juu, kwenye mshipa mkuu wa damu, karibu na panapochipukia mishipa ya figo, ukateremka njia yote hadi chini. Hata maumivu yake hukumbuka. Mwanamume akipigwa hapo, hushika tumbo. Ni mfanyakazi aliyehamia mji wa mbali lakini unga wake bado unatumwa kutoka kijijini, na siku ya msiba, kilio husikika kwao kwanza.

Sijui picha iliyo karibu zaidi na Lubumbashi kuliko hiyo. Hapa watu huishi mtaani Kamalondo au Katuba, na bado mshipa wao unaanzia Kasai, unaanzia Luapula.

*

Kwa nini korodani zishuke? Kwa nini kitu chenye thamani kiasi hicho kiachwe nje ya kuta, penye hatari? Jibu ni joto. Mbegu za kiume haziumbiki vizuri kwenye joto la tumbo. Zinataka nyuzi mbili hadi nne pungufu. Ndiyo maana mfuko una misuli inayovuta korodani juu asubuhi ya baridi na kuziachia zining'inie mchana wa jua. Ndiyo maana mshipa unaoshusha damu ya moto umezungukwa na mtandao wa mishipa inayorudisha damu iliyopoa, na joto huhamia huko kabla halijafika chini.

Fikiria basi mji uliojengwa juu ya moto. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Vizazi vya wanaume wamesimama mbele ya matanuri ya bonde hili, wakiwa wamebeba katikati ya mapaja yao kitu kidogo kinachoomba ubaridi. Na moto huo ni wa zamani kuliko reli. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wafua shaba wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba ya shaba, ambayo ilitumika kama fedha na kuzikwa pamoja na wafu kule Sanga, katika bonde la Upemba. Katika sehemu nyingi za Afrika ya kati na kusini, wayeyushaji wa chuma na shaba waliiona tanuri kuwa kama mwanamke mwenye mimba, na siku za kuyeyusha walijitenga na wake zao. Wengine watauita mwiko tu. Mimi naona watu waliojua kwamba moto wa kazi na moto wa uzazi ni ndugu wanaotazamana, na kwamba mwanamume hana budi kuupangia kila mmoja wakati wake.

Ndani ya korodani kazi haina haraka. Mbegu moja hutumia zaidi ya miezi miwili kukamilika, ndani ya vijimirija vyembamba kuliko uzi ambavyo vikinyooshwa vyote hufika mamia ya mita. Kutoka hapo huingia kwenye mrija mmoja uliojikunja nyuma ya korodani, ambao ukinyooshwa una mita kama 6, na humo hujifunza kuogelea. Kisha njia hupanda. Mrija wa mbegu huinuka, huingia tena kwenye mfereji ule ule wa kinena, huzunguka nyuma ya kibofu, hupokea maji ya vifuko vya manii, hupenya tezi dume na kutokea kwenye njia ya mkojo. Aliyeshuka ameacha barabara ya kurudi, na barabara hiyo inapitia lango lile lile.

Lango linalopitisha vitu viwili, kwenda na kurudi, haliwezi kufungwa kabisa. Hapo ndipo udhaifu wetu ulipo.

*

Nenda soko la Kenya. Kenya ya hapa si nchi, ni mtaa mkubwa wa mji, na soko lake lina sauti ya watu elfu wanaotajiana bei. Kuna viwavi vilivyokaushwa, samaki wa Mweru, chikanda iliyokatwa vipande kama keki, munkoyo kwenye ndoo za plastiki. Na kuna wabebaji. Lori la unga limesimama, mwanamume ameinamisha mgongo, wawili wanampandishia gunia, naye anainuka kwa sauti fupi kutoka tumboni. Kisha la pili. Nilihesabu mmoja hadi magunia 23 kabla hajakaa chini.

Nilikaa naye. Nilimuuliza kama mwili haumuumi. Alicheka, akapiga paja. “Yaya, hapa banaume banabebaka,” alisema. “Na banafichaka.”

Wanaficha nini, hakusema, wala sikumuuliza mbele ya watu. Lakini nilijua. Mzigo peke yake haumtoboi mtu. Udhaifu hutangulia, ama kifuko cha utotoni hakikufunga mdomo, ama ukuta umelegea kwa umri. Kisha kuinua, kukohoa kwa miaka na kujikamua chooni husukuma tumbo kutoka ndani, hadi kipande cha utumbo au mafuta kinapata mlango na kuchungulia. Hiyo ndiyo ngiri. Inakadiriwa kwamba katika kila wanaume wanne, mmoja ataipata ngiri ya kinena katika maisha yake, na kwa wanawake ni wachache sana. Huo mfereji uliopanuliwa na msafiri wetu ndiyo sababu.

Kwetu pwani tuna ndugu yake, busha, na tumemfanyia mzaha mwingi kuliko dawa. Busha si utumbo. Ni maji yaliyojaa kwenye utando unaoizunguka korodani, ule ule uliotangulia mbele yake siku ya kushuka. Kwenye ukanda wetu mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Nimekua nikisikia watu wazima wakiimbiwa mabusha yao vijiweni, na nimewaona wakiacha kwenda msikitini, wakiacha kupanda daladala, wakiacha kuoa. Neno “mshipa” tunalitupia yote mawili, kwa kicheko, na ndani ya kicheko hicho mtu hupoteza miaka kumi ya maisha. Mimi nilipoteza minne.

Lubumbashi sikusikia kicheko hicho. Nilisikia ukimya. Na katika mtaa wa Katuba nikakutana na mtu aliyekuwa na maneno.

*

Ni mzee aliyestaafu kazi ya tanuri. Nyumba yake ina mwembe mmoja na benchi moja, na alinikaribisha kwenye benchi kama aliyekuwa akinisubiri. Wazazi wake walikuwa watu wa Jamaa.

Msomaji wa pwani huenda hajawahi kusikia habari za Jamaa, na ni hasara kwetu, maana ni moja ya mambo makubwa yaliyowahi kufikiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 1945 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alichapisha mjini Élisabethville kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Miaka michache baadaye, akiwa Kolwezi, alianza kukaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akiwasikiliza wakieleza ni kitu gani mwanadamu anakitaka kuliko vyote. Kundi likakua kutoka mwaka 1953 na kuenea kwenye kambi za wafanyakazi hadi mji huu. Jibu lao lilikuwa na maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Mzee aliyataja akihesabu kwa vidole vinavyokakamaa. Uzazi wa Jamaa haukuwa wa kuzaa watoto wa damu peke yake; mume na mke walizaa watu wengine katika roho, wakaitwa baba na mama na wasiowanyonyesha. Lakini haukuukana mwili. Ulianza kwa mume na mke waliokaa pamoja, wakizungumza.

Pima uzito wa jambo hilo. Mwaka 1928 Union Minière, ikichoshwa na watu waliokuja na kuondoka, iliamua kuwatuliza wafanyakazi wake: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za familia, wake kuja kambini, zahanati za wajawazito na watoto. Msimamizi mkubwa wa sera hiyo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Watoto wengi walipona kwa huduma hizo, na hilo si dogo. Hata hivyo kampuni iliuhesabu uzazi wa wanaume hawa kama inavyohesabu akiba ya mawe ardhini: mikono ya kesho. Ndipo wanaume wale wale, wakikaa jioni na wake zao kwenye nyumba za kampuni, wakalichukua neno hilo na kuliweka katikati ya uzima na mapendo. Walichukua kilichokuwa chao. Kwa hilo peke yake ningeisifu Lubumbashi maisha yangu yote.

*

Mji huu una chuo kikuu tangu miaka ya 1950, na kitivo chake cha tiba kimefanya kazi ambayo kila baba wa Afrika angepaswa kuijua. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa hapa, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na metali nyingine mwilini kwa viwango vya juu sana. Walizipima kwenye mkojo. Vumbi jekundu linalotua juu ya maua ya jakaranda hutua pia kwenye bukari na kwenye mikono ya watoto.

Kisha mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine, uliofanywa Lubumbashi. Watafiti waliwalinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za maumbile zinazoonekana na wengine 108 waliozaliwa bila kasoro. Metali zilikuwa juu kwa akina mama wa makundi yote mawili. Tofauti kubwa iliyojitokeza ilikuwa kazi ya baba: mtoto ambaye baba yake alifanya kazi ya mgodi alikuwa na uwezekano wa takriban mara tano zaidi wa kuzaliwa na kasoro. Idadi ya waliochunguzwa ni ndogo, na uhusiano si hukumu. Sumu inaweza kuletwa nyumbani kwa nguo za kazi, inaweza kugusa mbegu yenyewe wakati wa ile miezi miwili ya kuumbwa, njia haijathibitishwa.

Lakini tazama lililotendeka. Mtoto akizaliwa na kasoro, kila mtaa ninaoujua humgeukia mama: alikula nini, alimkosea nani, alipita wapi usiku. Madaktari wa Lubumbashi waliwageuza watu wamtazame na baba, si kwa lawama, bali kwa kumhurumia. Walisema mwili wa mwanamume nao hupitisha mambo. Kazi yake, vumbi lake na joto lake vinashuka pamoja naye, na huenda vikapita lango lile lile kurudi nyumbani.

*

Nilimweleza mzee kovu langu. Nilimweleza bila kushusha sauti, na hilo lilikuwa jambo jipya kwangu. Alisikiliza, akatazama mwembe muda mrefu, kisha akaniuliza polepole mtu anajuaje. Katikati ya swali alisema “mutu fulani”, na mkono wake ulikuwa mfukoni.

Nikamwambia ninayoyajua. Uvimbe unaotoka ukisimama na kurudi ukilala ni ngiri hadi daktari aseme vinginevyo, na si laana wala si uzee tu. Hauponi kwa mkanda, kwa dawa ya kunywa wala kwa kuchanjwa. Siku ukigoma kurudi, ukawa mgumu, ukauma, ukifuatiwa na kutapika, usingoje kesho, maana utumbo umenyongwa mlangoni na unakufa. Na dawa yake ipo tangu zamani: Edoardo Bassini, daktari wa upasuaji wa Padua nchini Italia, aliuonyesha ulimwengu katika miaka ya 1880 jinsi ya kuujenga upya ukuta wa mfereji huo badala ya kuuziba tu kwa nje. Siku hizi hushonewa wavu mwembamba, na nyama huota ndani yake kama nyasi kwenye uzio.

“Wavu ni bei gani?” aliuliza. Hapo nilifurahi kwamba nilikuwa na habari kutoka kwa majirani. Mashariki ya Uganda madaktari waliwapasua wanaume 302, nusu wakishonewa wavu wa kiwandani wa bei ghali, nusu wavu wa nyuzi kama za chandarua cha mbu, uliotakaswa vizuri hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja, katika kundi la wavu wa bei nafuu ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, na katika kundi la pili hakuna. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na bei zake zimeachana kama mbingu na ardhi.

Mzee alirudia neno chandarua. Akaniuliza Kiswahili bora kinasemaje, maana wao husema herni, kwa Kifaransa, na neno la kigeni, alisema, ni rahisi kulificha. Nikampa: ngiri. Nikampa kinena. Nikampa korodani, na yeye akayasema yote matatu kwa sauti, kama alivyoyasema yale matatu ya wazazi wake, akihesabu kwa vidole.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima cheusi, na bomba refu lilisimama peke yake kwenye mwanga wa shaba. Getini baiskeli tupu iliingia. Alikuwa mjukuu wake, kijana wa miaka kama 20, shingo nyeusi kwa vumbi la makala, ameuza mzigo wote. Alisalimia kwa mikono miwili, akataka kupita kwenda kuoga.

“Ngoja,” mzee alimwambia, akasogea kwenye benchi ili apate nafasi. Kisha akanigeukia mimi. “Muambie na huyu. Yote.”

Kijana akakaa. Nikaanza upya, kule juu, jirani na figo, safari inakoanzia.